Kila kiangazi mwanangu anakohoa. Nimpeleke Bukoba au nibaki Geita na baba yake?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Geita, kwenye mtaa ambao lami haijafika. Niliolewa huku nikitokea Bukoba. Watu wa hapa nimewazoea. Vumbi sijalizoea mpaka leo.

Ikifika Juni mvua imeshakata na upepo umeanza. Asubuhi kuna baridi na moshi umelala juu ya mabati, mchana jua kali, jioni malori na bodaboda zikipita barabara yote inanyanyuka. Ukianika shuka jeupe unaanua jekundu. Maji nafunika, chakula nafunika, na bado ukitafuna unasikia mchanga. Inaenda hivyo mpaka Septemba, miaka mingine hadi Oktoba.

Mtoto wangu mdogo ana miaka saba, yuko darasa la pili. Msimu huo kifua kinambana. Anakohoa usiku mpaka anatapika, akipumua unasikia filimbi, namlaza kwa kumwegemeza kwenye mito. Zahanati nimempeleka sana. Mara wanasema mafua, mara nimonia, anapewa dawa, anapata nafuu kidogo kisha anarudi palepale. Mwaka jana daktari mmoja akasema ni pumu, akampa dawa ya kuvuta. Mama mkwe alipoiona akakasirika, akasema mtoto akishazoea hiyo kitu hataweza kuishi bila hiyo. Basi naificha kabatini, nampa akizidiwa tu.

Mvua zikianza mtoto anakuwa mzima kabisa. Disemba tulikwenda Bukoba kwa mama yangu, hakukohoa hata siku moja. Ndipo nikajua hewa ya huku ndiyo inayommaliza.

Sasa jambo lenyewe. Baba watoto alikuwa anachimba kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, siku hizi ana karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Tulilinunua miaka mitatu iliyopita. Pesa nyingine alitoka nayo kwenye mawe, nyingine nilikopa mimi kwenye kikoba na nimeshamaliza kurejesha. Liko nyuma ya nyumba, ng'ambo ya uwanja. Karasha ndilo linalolipa kodi na ada ya mkubwa, na wadogo zake wanakula humohumo. Mtoto alianza kukohoa hivi mwaka uleule, ila nadhani ilisadifu tu, maana kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Anampenda sana baba yake, akitoka shule anakimbilia kule kumhesabia viroba. Nguo za kazi za baba yake nafua mwenyewe. Nazikung'uta kwanza pale mlangoni, kwa sababu zikiingia na ule unga kwenye beseni maji yanakuwa uji.

Nikimwambia mume wangu habari ya mtoto, anasema Geita nzima inakohoa, ni hali ya hewa, mvua zikija itapita. Yeye mwenyewe anakohoa, tena chake hakipoi hata masika. Amekonda. Nikimwambia akapime ananijibu mapafu ya mchimbaji yameshazoea.

Mama yangu anataka mtoto ahamie Bukoba asome huko, na mimi niende naye mpaka azoee. Baba watoto akasema mtoto akienda, na mimi niende moja kwa moja. Sijui ilikuwa hasira au alimaanisha. Wifi yangu naye ananiambia mwanamke akiiacha nyumba Geita, akirudi anamkuta mwingine anapika. Hela ipo huku, Shangazi, na wanaoifuata hela wapo.

Nikibaki naua mtoto. Nikienda naua ndoa. Nifanye nini?

Mama wa wawili, Geita

*

Marahaba mwanangu.

Hilo neno "naua" naomba tuliweke kando kwanza. Mama anayeamka usiku kumwegemeza mtoto apumue haui mtu. Ukiwaza kwa neno hilo utaamua kwa woga, na mtu mwenye woga huona milango miwili tu.

Nimekuelewa hivi. Una mtoto ambaye kifua kinambana kila kiangazi, una mume ambaye riziki ya nyumba nzima iko kwenye unga wa mawe, na kila aliye karibu nawe ameshakutolea jibu: mama yako, mama mkwe, wifi, na baba watoto mwenyewe. Wewe unaniuliza uende au ubaki. Lakini kuna mistari uliyoipita haraka kwenye barua, na mimi ndiyo iliyonishika.

Kuhusu msimu hujakosea. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa kila mwaka mwelekeo wa kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, na ninyi wa Kanda ya Ziwa mnaujua kwa miili yenu. Mvua hakuna, udongo umekauka, upepo wa kusini mashariki unausomba. Asubuhi ndiyo mbaya kwa namna yake. Usiku wa kipupwe anga huwa wazi, ardhi inapoa haraka, hewa ya baridi inakaa chini na ile yenye joto inakaa juu yake. Moshi wa mkaa, wa takataka na wa nyasi zinazochomwa unakosa pa kupandia, unabaki usawa wa pua za watoto wanaokwenda shule, mpaka jua litakapopasha ardhi kwenye saa tatu au saa nne. Mvua ya kwanza ikinyesha inaosha sehemu kubwa ya vumbi. Kwa hiyo mwanao kupona masika si jambo la kushangaza.

Ila Disemba, mwanangu, huko Geita nako mvua inanyesha. Umeniandikia mwenyewe kwamba mvua zikianza mtoto ni mzima. Basi safari ile ya Bukoba haijakuthibitishia kitu bado. Ulimpeleka wakati ambao hata angebaki kwako asingekohoa. Sisemi Bukoba haitamfaa. Inapata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ziwa liko mlangoni, na kijani chake kinashika udongo. Lakini hujamwona mwanao huko mwezi wa Julai. Na jiko la bibi ni la nini? Kama ni kuni, na mjukuu anapenda kukaa jikoni kama watoto wote, kifua chenye pumu hakitauliza moshi huo ni wa mkoa gani.

Kingine ni huo mwaka. Umesema mtoto alianza mwaka uleule mlipoleta karasha, halafu ukaharakisha kusema ilisadifu. Inawezekana. Pumu nyingi hujitokeza utotoni bila karasha lolote jirani, na mtu hawezi kuthibitisha kwa barua. Lakini nimejiuliza kwa nini ulitaka iwe imesadifu. Nadhani ni kwa sababu mkopo wa kikoba ulikuwa kwa jina lako. Ukilaumu kiangazi, humlaumu mtu. Ukilitazama karasha, unaitazama na pesa yako. Nakuambia hili bila kukusuta. Mlinunua chombo cha riziki, na hakuna aliyewaandikia juu yake kwamba kina hatari.

Vumbi la barabarani na unga wa karasha si kitu kimoja, ingawa vyote vinakaa kwenye dirisha moja. La barabarani linawasha, linachokoza pumu, linaleta mafua yasiyokwisha, lakini sehemu yake kubwa ni chembe nene zinazonaswa puani na kooni. Dhahabu mara nyingi hukaa ndani ya kwatzi, lile jiwe jeupe gumu, na kwatzi ni madini yanayoitwa silika. Magololi ya chuma ndani ya karasha yakilisaga kavu linatoa unga ambao sehemu yake ni chembe ndogo mno. Unywele una upana wa mikromita 70 hivi. Chembe hizi ziko chini ya mikromita 5, huzioni hewani, na zinashuka hadi mwisho kabisa wa mapafu. Zikifika huko hazitoki. Zinaacha makovu, na ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuondoa. Mapafu yenye unga huo hayazoei, hapo baba watoto amekosea, na tena hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mengine.

Ndiyo maana katika barua yote mtu aliyenitia wasiwasi zaidi si mtoto. Mtoto anakohoa kwa msimu. Baba yake anakohoa kiangazi na masika, na amekonda. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinatosha kupimwa makohozi, na kipimo hicho pamoja na dawa za kifua kikuu hutolewa bure kwenye vituo vya afya vya serikali. Tiba ya kawaida ni miezi sita na watu wanapona. Huenda si kifua kikuu. Lakini kama ni chenyewe, hesabu zako zote zinabadilika: wewe na watoto mtahitaji kuchunguzwa, na kumpeleka mtoto kwa bibi kabla ya kujua kutakuwa kumpelekea bibi jambo ambalo hakuliomba. Mwambie baba watoto hivyo. Wanaume wengi wa kazi hizi hukataa kwenda hospitali kwa ajili yao wenyewe, ila akiambiwa ni kwa ajili ya huyu mtoto anayemhesabia viroba, baadhi yao huvaa viatu.

Kuhusu dawa ya kuvuta, mama mkwe wako anasema kwa upendo, na wazee wengi wanasema kama yeye. Lakini dawa ile haimfanyi mtoto mraibu. Inakwenda moja kwa moja kwenye mapafu kwa kipimo kidogo kuliko kidonge au sindano. Zipo za aina mbili na ni vizuri umuulize daktari mtoto wako alipewa ipi: kuna ya kufungua njia ya hewa anapobanwa, na kuna ya kutuliza uvimbe inayotumiwa kila siku hata akionekana mzima. Kama ni hii ya pili, kuificha mpaka azidiwe ni sawa na kutompa. Muulize pia juu ya kifaa cha kuunganisha dawa na mdomo wa mtoto. Kisipopatikana dukani, wahudumu wengine hukitengeneza kwa chupa ya maji ya nusu lita na inafanya kazi vizuri. Huenda safari moja kwenda na mama mkwe mwenyewe kwa daktari ikaleta amani kuliko kabati. Na ukiona midomo inageuka rangi, au nyama za kati ya mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, au anashindwa kumaliza sentensi, usingoje asubuhi.

Zile nguo. Unazikung'uta mlangoni, ambapo nadhani ndipo mtoto anapovulia viatu. Kila jioni unaurudisha hewani unga ambao ulikuwa umetulia, na anayeuvuta wa kwanza ni wewe. Zilowekwe kwanza zilivyo, zikiwa zimekunjwa, halafu zifuliwe. Maji yakichafuka yakamwagwe mbali. Bora zaidi baba watoto abadilishe nguo huko huko kwenye karasha na kunawa kabla ya kumkumbatia mtu. Na huyu karani mdogo wa viroba apewe kazi nyingine. Hilo haligharimu shilingi wala halihitaji mtu kuhama mkoa.

Sasa tuje kwenye kuhama. Umeniandikia kana kwamba kuna mahali pawili duniani, chumba chenu na Bukoba. Geita ni kubwa. Ipo nyumba isiyo upande wa upepo. Simama uwanjani saa nane mchana mwezi wa Julai, karasha likiwa linafanya kazi, uangalie unga unaelekea wapi. Upepo wa msimu huo kwa kawaida unatoka kusini mashariki. Kama karasha liko upande huo wa nyumba, mmekuwa mkilala kwenye njia yake. Kodi ya mtaa mwingine inaweza kuwa kubwa kidogo, na baba watoto atalalamika kwamba mashine haina mtu wa kuilala karibu. Hayo ni malalamiko ya kweli. Mashine huibiwa vipuri. Lakini hapo mtakuwa mnajadili nauli na mlinzi, na hiyo ni mada nyepesi kuliko talaka.

Au karasha lenyewe liondoke karibu na watu, likawekwe huko makarasha mengine yaliko. Au lisage kwa maji. Najua kwamba maji kiangazi ni ya kununua, na najua wateja wengine wataona usumbufu wa unga mbichi. Hata kulizungushia mabati na turubai upande wa nyumba kunapunguza, ingawa wanaofanya kazi ndani watakula unga mwingi zaidi, kwa hiyo nisingeona hilo kama suluhu. Barakoa ya kitambaa au skafu ya shingoni haizuii zile chembe ndogo. Zipo barakoa maalumu zinazobana pembeni, aina ya N95, lakini nazo huchakaa, na kijana wa karasha kwenye jua lile ataishusha kidevuni baada ya saa moja. Siwezi kukudanganya hapo. Maji na umbali vinashinda barakoa.

Kuna njia ya kwenda serikali ya mtaa, au NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, au kwa watu wa madini. Naitaja ili ujue ipo, na jirani yeyote anaweza kuitumia siku akichoka. Wewe kuitumia dhidi ya mumeo kuna bei yake nyumbani na unaijua kuliko mimi. Ila yeye anaweza kusikia kwamba ni nafuu mlihamishe wenyewe kuliko kuja kufungiwa katikati ya msimu wa kazi.

Bukoba bado ipo. Unaweza kumpeleka mtoto likizo ya Juni, ukakaa naye huko vumbi likiwa limepamba moto huku kwenu, ukajionea kifua chake kinavyokwenda na dawa akiwa anatumia inavyotakiwa. Hapo utakuwa na ushahidi mikononi, na baba watoto hatakuwa na cha kukasirikia maana mtoto amekwenda kusalimia bibi yake. Kumhamisha shule moja kwa moja ni jambo jingine. Atapoteza marafiki, atamkosa baba, na baba ataanza kuhesabu siku kwa hasira. Watoto wengine hulelewa na bibi wakakua vizuri sana. Wengine huelewa kwamba waliondolewa nyumbani kwa sababu walikuwa wagonjwa, na hilo linakaa nao. Wewe ndiye unayemjua wako ni yupi.

Kauli ya baba watoto kwamba uende moja kwa moja, sijui uzito wake na nisingependa kuukisia. Nimegundua tu kwamba aliisema pale ulipomwambia mtoto anaondoka. Huenda alichosikia ni kwamba kazi yake ndiyo inayomuumiza mwanaye, na mwanamume aliyetoka kwenye maduara akafikia kuwa na karasha lake hilo neno linamkata. Ulipoongea naye mara zote ulimwambia habari ya hewa ya Geita. Je, umewahi kukaa naye mkaongea habari ya karasha, kama watu wawili wenye karasha? Maana pesa ya kikoba ilikuwa yako, na umeirejesha. Una haki ya kuuliza mashine yenu inasagia wapi. Usimuulize mbele ya dada zake, wala usiku mtoto akiwa anakohoa. Tafuta siku amelala vizuri na wateja wamelipa.

Wifi yako umwache kidogo. Mwanamume wa kuondoka huondoka hata mke akiwa jikoni, na sidhani kama unataka mapafu ya mtoto yawe ndiyo kufuli la ndoa. Lakini hofu yako ya kuachwa siipuuzi. Kama mtaamua uende kwa muda, mkubaliane tarehe ya kurudi kabla hujapanda basi, na mjue nani anampikia yule mkubwa, na karasha linaleta nyumbani kiasi gani na kwa mkono wa nani. Mke akisafiri bila hayo kusemwa, kila mtu anajaza mwenyewe pale palipo wazi.

Mwanangu, ningekuwa karibu ningekusindikiza hospitali. Kwa kuwa siko, ukipata majibu ya makohozi ya baba watoto niandikie kwanza kabla ya mambo ya shule, na uniambie hilo karasha liko upande gani wa nyumba.

Shangazi